Mwenye Saa Alipokuja Kuiangalia

Wengine watacheka, na wacheke. Haya niliyaona kwa macho yangu hapa Kakamega mjini, tena mchana, ndani ya kibanda changu cha kutengeneza saa.

Nimekusanya saa za kujaza, zile zisizojua betri, kwa miaka mingi. Hakuna iliyonishika moyo kama ile ya Kijerumani. Uso mweusi, vijisaa viwili vidogo ndani, vitufe viwili ubavuni vya kupimia muda. Ukifungua mgongo wake, vijigurudumu vinang'aa vyote, hata vile ambavyo mvaaji hatawahi kuviona. Niliinunua kwa mwanamume wa Malava. Alisema ni ya marehemu ndugu yake, aliyefanya kazi Ujerumani. Sikuuliza zaidi. Ningeuliza ya nini, na nilikuwa nimeshaipenda?

Alasiri moja mvua ya mawe ilishuka, mji ukawa giza. Mtu akaingia, amevaa suti ya kijivu. Niamini: nje maji yalifika vifundoni, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Mulembe, fundi. Nasikia uko na saa ya Kijerumani."

Nani angenyamaza? Nikampa kiti, nikampa na saa huku nikijisifu. Akabonyeza kitufe cha juu, akaiweka sikioni.

"Hiki hukwama kukiwa na baridi," akasema.

Kweli hukwama. Na sikuwa nimemwambia mtu.

Akaifunga mkononi. Pale kwenye ngozi palikuwa na alama nyeupe, na saa ikakaa juu yake sawasawa.

"Nilimwahidi binti yangu hii saa. Ndugu yangu alinivua nikiwa mochari. Mpelekee Nekesa."

Bisibisi ikaniponyoka. Nikainama kuiokota, nilipoinuka, kiti kilikuwa kitupu. Saa ilikuwa mezani, baridi kama barafu.

Kesho yake nilienda Malava, nikaonyeshwa boma la kina Nekesa. Ukutani palikuwa na picha ya yule mgeni wangu, na suti ileile. Mjane wake akasema ndiyo waliyomzika nayo. Binti yao, Nekesa, yuko kidato cha tatu. Akaniuliza, "Ulijuana na baba? Saa yake tuliitafuta mpaka tukachoka."

Saa ilikuwa mfukoni mwangu. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Poleni sana," nikarudi nayo mjini. Sikufichi, ilikuwa tamaa tu.

Juma lile mkono wangu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, kuanzia pale saa inapofungwa. Hospitalini hawakuona kitu. Siku vidole vilipokataa kushika hata kibano, nilimpelekea Nekesa saa yake, nikapiga magoti mbele ya mama yake nikaeleza yote. Walilia, kisha wakanisamehe. Mkono haukupona. Kibanda nilikifunga, saa zangu nyingine nikazigawa, na sasa mke wangu ndiye hunifungia vifungo vya shati.

Wewe unayependa vitu vizuri vilivyopita mikononi mwa wengine, uliza vimetoka kwa nani. Na ukishamjua mwenyewe, usilale navyo hata usiku mmoja.