Mwaka Tuliolipia Shule kwa Lengalenga

Harufu ya udongo mbichi, udongo uliolala ndani ya magunia kwenye sebule yetu, ndiyo inayonijia kwanza nikiukumbuka msimu ule wa mvua nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumba yetu ilikuwa Mabanga, mtaa mmoja wa Goma, nyumba ya mbao yenye vyumba viwili na paa la bati, na uani hapakuwa na udongo hata wa kujaza kikombe. Goma imejengwa juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima wa moto. Mtoto akianguka anachanika goti, na mwenye kutupa mbegu chini anawalisha kuku wa jirani. Kwa hiyo udongo kwetu ulikuwa mali kama unga, na mali haiachwi nje. Tuliulaza ndani, sisi watoto tukalala pembeni yake, na asubuhi tukaenda shule tukinuka shamba.

Baba alikuwa dereva wa lori, akisafirisha maharage na mbao kutoka Butembo, kwao na kwao mama pia. Mwaka ule vita vilishuka tena kutoka kaskazini, barabara ikafungwa, naye akakwama ng'ambo ya pili pamoja na lori lake. Mama alibaki na watoto watatu, mimi Masika nikiwa wa kwanza, na meza ndogo ya kuuzia sambaza, samaki wadogo wakavu wa ziwani, sokoni. Wakati huohuo Kibati, nje kidogo ya mji, kulikuwa kunajaa mahema, na watu waliokosa nafasi huko wakaendelea kuteremka hadi mjini na magodoro vichwani. Jumapili moja padri akauliza ni nani mwenye pembe ya nyumba ya kumpa mtu. Mama alinyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Tulirudi nyumbani na Mama Furaha, mkulima wa Kibumba, mwanamke mrefu mwenye viganja vipana kama sahani, pamoja na mapacha wake wa miaka mitatu na sufuria moja isiyo na kifuniko. Mume wake hakumtaja, nasi hatukuuliza.

Siku tatu alikaa karibu na mlango. Siku ya nne alitoka, akazunguka uani polepole, akainama na kupapasa mawe kama mtu anayechagua kitambaa.

"Hapa kitu kinaweza kuota," alisema.

Mama alicheka. "Juu ya haya mawe, mama?"

"Mawe si shida. Udongo njo shida. Tuende tuutafute."

Tuliutafuta kweli. Kila mvua kubwa ilipokatika, sisi sote, hata mapacha na vikopo vyao, tulishuka kwenye mitaro ya barabara kukomba udongo ulioteremshwa na maji kutoka juu. Sokoni tulikusanya maganda ya ndizi na majani ya kabichi yaliyotupwa, yakaoza kwenye pipa bovu mpaka majirani wakalalamika. Mama Furaha alichanganya, akajaza magunia, mabeseni yaliyotoboka na bidoni za maji zilizokatwa kati, akapanda lengalenga, ule mchicha wetu, na vitunguu. Watu waliopita walitucheka. Waliwaita mama na mgeni wake wanawake wawili wanaolima ndani ya sufuria. Mama alijibu kwamba chakula chote huishia ndani ya sufuria, yeye amefupisha njia tu.

Nisidanganye kwamba tulikuwa na vingi. Bugali ulikuwa mdogo, na kulikuwa na siku tulizokunywa uji asubuhi na jioni. Lakini mama alikuwa na sheria zake, na vita havikuzigusa. Tulikula pamoja, tumekaa mkekani, mikono imenawishwa, na hakuna aliyegusa chakula kabla mgeni hajamegewa. Maji ya kuoshea mboga yalikwenda kwenye magunia. Jumamosi nguo zote zilifuliwa na kupigwa pasi ya makaa, hata zilizokuwa na viraka, hata kama tulisikia mizinga ikinguruma upande wa kaskazini. Jirani mmoja alimuuliza kwa nini anawapigia pasi watu ambao kesho huenda wakakimbia. "Kama tutakimbia," mama alisema, "tutakimbia tukiwa safi."

Kisha akaja mjomba. Kaka yake mama aliishi mtaa wa Katoyi, alikuwa na kazi katika bohari la saruji, na alizoea kusema mambo mara moja kama mtu anayegonga muhuri. Alikuja Jumapili mchana, akakalia kiti chetu cha pekee, akayaangalia magunia, akatikisa kichwa.

"Dada, sikiliza. Huyu mama, umurudishe Kibati. Nawe ujiandikishe kama mukimbizi, kuna mutu ninamujua atakuweka kwa liste ya chakula. Na Masika atoke kwa masomo. Minervali ya nini wakati wa vita? Auze maandazi, asaidie."

Mama Furaha alikuwa palepale mlangoni, akichambua maharage. Mkono wake ulisimama. Mimi nilikuwa nimeshika daftari langu na niliona herufi zinacheza. Nilijua shule inadai karo, hiyo minervali, ya miezi miwili, na nilijua mjomba ndiye ndugu pekee aliyekuwa karibu. Mama alimaliza kumfunga mdogo wangu vifungo vya shati, kisha akajibu kwa sauti ya chini sana.

"Kaka, aksanti kwa kuja. Mukimbizi ni ule anakosa kwake. Miye niko kwangu; siwezi kula chakula ya mutu mwenye kulala chini ya hema. Huyu mama ni mugeni wangu, na mugeni hafukuzwi na mutu mwenye hajamulisha. Na Masika atasoma. Vita haina mutoto wangu wa kumupa."

Mjomba aliondoka bila kunywa chai. Nami nilifikiri mama ametuangamiza.

Kesho yake alinishika mkono mpaka kwa mkuu wa shule. Walimu wakati ule hawakuwa wamelipwa kwa miezi, na wengine walifundisha bila kula. Mama alilijua hilo kwa sababu walikuwa wakikopa sambaza kwake. Hakuomba huruma. Alisema: kila Jumanne na Ijumaa nitaleta mboga mbichi za walimu, na mtoto wangu atakaa darasani. Mkuu wa shule alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akakubali.

Mwenye kubeba mboga hizo nilikuwa mimi. Wiki mbili za kwanza nilipita njia ya nyuma nisionwe. Wiki ya tatu kundi la wasichana wa darasa letu waliniona na kuniita Mama Lengalenga, wakaimba njia nzima. Ijumaa iliyofuata nilifika penye ukuta ulioanguka, nikatazama huku na huku, nikautupa mzigo wote katikati ya mawe. Darasani mwalimu alifundisha kugawanya sehemu, akaketi katikati ya somo kwa sababu ya njaa. Nilitazama dawati langu mpaka kengele ilipolia.

Mama alipojua, nilisubiri fimbo. Hakunipiga. Alinirudisha mpaka ukutani, yeye na Mama Furaha, na mchana kweupe, watu wakipita, tukaokota majani yale yaliyonyauka, moja moja. Mama Furaha ndiye aliyezungumza.

"Miye nimeacha karoti ndani ya udongo kwetu Kibumba. Kabichi inafungana vizuri. Basoda benye bunduki banaikula sasa, banakanyaga ile hawawezi kula. Masika, weye unatupa?"

Nililia. Tuliosha majani, tukayapika, tukayala yakiwa machungu, na hakuna aliyenisema tena. Jumanne niliweka mzigo kichwani, nikapita barabara kubwa, katikati kabisa. Wale wasichana walipoanza wimbo wao, nilisimama. "Mwalimu wenu anakula nini?" niliwauliza. "Waambieni mama zenu walete na wao." Baada ya mwezi, mmoja wao alikuwa akitembea pembeni yangu na kifungu cha vitunguu.

Msimu haukuisha kwa urahisi. Bohari la saruji lilifungwa, na mjomba akatokea siku moja saa sita mchana na watoto wake wanne, amevaa viatu vilivyopakwa rangi lakini macho yamezama. Mama hakumkumbusha neno. Alimnawisha, akammegea kwanza kwa kuwa ndiye mgeni, na Mama Furaha ndiye aliyeipakua mboga. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mjomba alikula akiwa ameinamisha kichwa, kisha akamwambia Mama Furaha, "Aksanti, mama," na akarudia. Baba alirudi mwishoni mwa mvua, kwa miguu nusu ya njia, bila lori. Alisimama uani akatuhesabu, akatuhesabu tena. "Niliacha watu wane," alisema. "Hawa wengine mulibavuna?" Tulicheka hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Mama Furaha alirudi Kibumba barabara ilipofunguka. Alikuta nyumba imeungua, akajenga nyingine, akalima. Vita vilimfukuza tena baadaye, mara mbili, na mara zote mbili alijua mlango wa kugonga.

Leo mimi ndiye ninayefundisha, hapahapa Goma. Nina nyumba ya matofali, simu na viti vya kutosha wageni. Vita navyo vimekuja tena, benki zimefungwa, mshahara ni hadithi. Wadogo zangu walio mbali hunipigia na sauti za msibani, wakitaka nikiri kwamba hapa hakuna maisha. Wiki iliyopita mmoja aliniuliza, "Yaya, dada yangu, munavumilia aje huko?" Nilikuwa na madaftari arobaini ya kusahihisha, watoto wangu wawili na wa jirani watatu wakiningoja mezani. Nilimwambia hatuvumilii, tunaishi. Na kama ana haja ya kutulilia, apige kesho, kwa sababu sasa hivi tunakula.