Nyasi za Maduhu

Je, wewe unayesoma haya, unaweza kutofautisha nyasi zilizotelekezwa na nyasi zilizotunzwa? Kama huwezi, wewe na Bwana Shamba wetu ni ndugu, na nitakueleza ujinga huo ulimfanya nini baba yangu.

Maduhu hakujua kusoma. Alijua majani. Alimbeba dada yangu Limi mabegani, mimi nikikimbia nyuma yao, tukazunguka malisho yetu kusini mwa Shinyanga tangu umande mpaka jua kali. Alichuma unyasi mmoja mmoja akatutia mdomoni.

"Huu mtamu, ng'ombe wa maziwa anaupenda. Huu mchungu, mwachieni mbuzi. Mbuzi hana adabu."

Njaa ikituuma, alitoa michembe mfukoni, vile viazi vikavu vinavyovunja meno, tukatafuna huku tunatembea. Kiangazi chote alilala nje karibu na zizi. Mjomba alimshauri aezeke nyumba kwa bati, naye akacheka. "Mvua ikipiga bati sitamsikia Mbuke akinigombeza. Na nisipogombezwa, mimi usingizi siupati." Mbuke ni mama yetu. Alisikia, akamrushia mwiko.

Kila masika baba alifunga kipande cha malisho, mnyama yeyote asiingie. Sisi tunakiita ngitili. Nyasi zilikua humo mpaka zikamfika mtu kifuani, zikakaukia zimesimama, zikangoja. Septemba, nchi ikiwa imebaki vumbi, baba aliifungua. Tena hakuwafungulia ng'ombe wake tu. Jirani ambaye ng'ombe wake ameshindwa kusimama alimleta, akala. Hivyo ndivyo maksai wa nusu ya kijiji walivyofikia msimu wa kulima wakiwa hai.

Mwaka 1953 akaja Bwana Shamba na karatasi. Jina lake Donatus. Mimi naye tulilala bweni moja chuoni, tukala ugali wa sahani moja. Karatasi ilisema ardhi ya Maduhu imekaa bure, kwa hiyo itapimwa viwanja vya pamba.

"Donatus," nikamwambia, "zile nyasi ni ghala."

"Ghala lina mlango, Bujiku. Mimi naona pori."

"Huoni kwa sababu hujauliza."

"Wewe msomi mzima unatetea pori! Kwa nini walikupa cheti?"

Nilimwandikia mkuu wa wilaya barua ya kurasa nne, Kiingereza kilichonyooka. Mpaka leo sijajibiwa. Baba ndiye aliyejibiwa: aliitwa barazani aeleze kwa nini ameinyima ardhi kazi. Mwanangwa Herman, mkuu wa kijiji chetu, alimuuliza mbele za watu.

Baba akamtazama. "Mkeo akiwa na mimba, Herman, nawe husema amekaa bure?"

Watu waliangua kicheko, wengine wakashikana mabega. Herman hakucheka. Kwa neno hilo baba alipewa siku kumi mahabusu. Mtu aliyelala chini ya nyota maisha yake yote, walimfungia katika chumba kisicho na dirisha, sakafu ya saruji, wanaume tisa na ndoo moja. Alipotoka alikuwa na kichomi. Tulimtandikia mkeka nje, kwa sababu alikataa kuingia ndani. Siku ya kumi na mbili akafa, ngitili ikiwa bado imefungwa. Waliomfungia wanasema ni kudra ya Mungu. Mungu hakuandika hati ile ya kifungo!

Tulimzika siku ya Ijumaa. Herman alisimama kaburini, kofia mkononi, akasema marehemu alikuwa mtu mpole, mpenda matembezi. Matembezi! Miaka thelathini ya kulisha ng'ombe wa watu, nayo ni matembezi. Kisha, udongo haujashuka, akatangaza kwamba kesho saa moja asubuhi kila mwanamume aje na mwenge, nyasi zichomwe, maana wapimaji watafika Jumatatu.

Ng'ombe wetu walikuwa arobaini, mbavu nje. Mvua ilikuwa mbali, miezi miwili kama si zaidi. Moto wa saa moja ungewaua wote, wao na wa majirani. Nikapanda juu ya kinu nikahutubia. Nilitaja haki, nikataja sheria, nikamtaja Herman kwa majina ambayo sitayarudia hapa. Wanaume walitazama miguu yao. Niliwachukia wote.

Niliingia ndani kumwambia mama. Alikuwa sakafuni, amenyolewa nywele, wanawake wa kijiji wamemzunguka. Hata Generosa, mke wa Herman, alikuwa kando yake, amemshika mkono.

"Amesema saa ngapi?" mama akauliza.

"Saa moja."

"Haya. Nenda ukale."

Nilikasirika naye pia. Nikadhani amekata tamaa.

Kesho yake nilikwenda ngitilini peke yangu na fimbo. Herman na Donatus walikuwa wamekwisha fika na wanaume kama kumi, mienge ya majani mikononi, mmoja tayari unawaka. Hapo tukaliona vumbi. Mjane kwetu hatoki nje ya kaya siku za msiba, lakini aliyetangulia lile vumbi alikuwa mama yangu, kaniki begani, akiwaswaga ng'ombe wetu wote arobaini.

Donatus, kwa mazoea ya nyumbani kwao, akamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogea, unakanyaga chakula."

Akampita. Ng'ombe wakazama katika nyasi mpaka zikabaki pembe. Nyuma yake wakaja wanawake wa kaya nyingine, kila mmoja na maksai wa mumewe, wakaingia bila kutuamkia. Wa mwisho alikuwa Generosa. Alikuwa na ng'ombe ishirini na wawili, na kila mtu pale aliwajua ni wa nani.

"Niwashe, mzee?" akauliza mwanamume mwenye mwenge unaowaka.

"Uwashe nini?" Herman akafoka. "Huoni ng'ombe wangu wamo humo?"

Yule mtu aliutupa mwenge chini akaukanyaga. Donatus aliikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni. Humo ndani ng'ombe walikuwa wakila, na sauti ya kutafuna kwao tuliisikia mpaka barabarani.