Harufu ya Sanduku la Bibi

Nikiwa mtoto, kule Kasongo wakati wa Wabelgiji, niliijua harufu ya maiti kabla sijamwona maiti hata mmoja. Ilikaa ndani ya sanduku la bibi, mama yake baba. Humo alikuwa ameweka sanda yake na vipande vyeupe vya karafuu maiti, tayari kwa siku ya kuoshwa kwake. Mtoto mchanga hakupitishwa hata karibu. Bibi aliamini kwamba harufu ile humwita mtu, na mtoto ambaye hajaizoea dunia huitika upesi.

Mdogo wangu Saidi alikuwa na miezi michache alipobanwa na kifua. Baba, fundi cherehani, akarudi kutoka Kabambare na kichupa alichopewa na mke wa Mzungu mmoja aliyemshonea mapazia. Alipokifungua tu, bibi akasimama.

"Hiyo iko harufu ya sanduku yangu."

"Mama, ni mafuta ya muti. Madamu anasema wanachemusha mbao, mafuta inatoka. Watu wanapakaa ku kifua."

"Muti gani? Uliuona? Na watu hao wako sawa na huyu mutoto?"

Baba akacheka. Nami nilimchukia bibi kidogo, maana kifua cha Saidi kilikoroma na nilitaka apone. Mama akampaka kifuani na mgongoni, kisha akamtia tone puani.

Haukupita muda Saidi akakakamaa, macho yakageuka meupe. Degedege! Mama akapiga yowe. Bibi hakututupia hata methali ya asiyesikia la mkuu. Alimnyakua mtoto, akamwosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, huku akimwambia sikioni, kwa utani wa bibi anayemwita mjukuu wa kiume mume wake, "Usiitike, bwana yangu. Wakikuita, usiitike."

Saidi hakuitika. Alilia, na sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Ukubwani muuguzi mmoja aliniambia kwamba mafuta ya karafuu maiti, hata yakitoka kwenye mti safi, ni sumu kwa mtoto mchanga na huleta degedege. Basi bibi alikosea sababu tu. Au hakukosea, mimi kichupa chenye harufu kali bado nakitazama kwa jicho la pembeni.

Bibi alipofariki, wanawake walifungua sanduku na harufu ikajaa ua mzima. Saidi, mwanamume mwenye ndevu sasa, alisimama nje ya mlango wa chumba alimooshewa. Kisa chake alikijua, tulimsimulia mara nyingi. Nilimsikia akisema polepole, "Sasa itika, muke wangu."