Baruti Kwenye Karatasi za Sayansi

Siku ile ilianza kivivu. Nilikuwa darasa la sita huko Butiama, walimu walikuwa na kikao tukaachiwa mapema, na mimi kikao cha walimu nilikuwaga nakipenda kuliko Krismasi.

Nyuma ya nyumba nilimkuta baba mdogo Masatu anafunga baruti ya gobore lake. Watu wa ng'ambo ya mto walishachukua ng'ombe wetu mara mbili. Sisi tukachoma mazizi yao, wao wakachoma maghala yetu. Baba mdogo alikuwa anafunga ule unga mweusi kwenye vipande vya karatasi, kila pakiti ya kupiga mara moja. Karatasi zilitoka kwenye daftari langu la Sayansi.

"Hapa ulipata sifuri," akasema. "Hii italia vizuri."

"Usiwapige na sifuri, baba mdogo. Watasema hata wewe umefeli."

Alicheka mpaka akamwaga unga kidogo.

Pakiti zake zilifanana kabisa na za ugoro wa bibi, ule wa sokoni unaofungwa kwenye karatasi za daftari. Alipoingia ndani kunywa maji, nikachomeka moja ya bibi katikati ya zake. Jioni alikuwaga anazifungua kukagua unyevu, rafiki zake wamemzunguka. Nilitaka apige chafya mbele yao. Basi, ni hilo tu.

Jioni haikufika.

Saa tisa yowe likatoka mtoni, ng'ombe wetu wakiwa majini wanavushwa.

Baba mdogo akanyakua gobore na mfuko.

"Subiri!" nikasema.

"Ingia ndani, wewe!"

Nikamkimbilia hadi kwenye mikonge. Wanaume walikuwa wanampita wakikimbia. Ningesema, angenichapa mbele yao.

Nikageuka, nikarudi nyumbani.

Gobore lilisikika mara moja.

Tukangoja la pili.

Walimrudisha wamembeba juu ya mlango uliong'olewa, mshale shingoni. Alifia njiani, kabla gari halijafika hospitali Bunda.

Msibani, jirani yetu Magesa, aliyejibanza naye nyuma ya kichuguu siku ile, alisimulia. Baba mdogo alipiga la kwanza, akatoa pakiti nyingine, akaichana kwa meno kama kawaida yake. "Halafu akapiga chafya. Mara tatu! Kichwa kikainuka juu ya kichuguu. Jamani, mtu anapigaje chafya vitani?"

Watu wawili watatu wakacheka, wakajizuia. Wengine wakasema ni vumbi. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya choo hadi watu walipotawanyika.

Bibi aliniuliza mara moja kama nimeuona ugoro wake. Nikasema sijauona. Alinitazama usoni, na tangu siku hiyo hakunusa ugoro tena. Hatukulizungumza hadi alipozikwa.

Wazee wa pande mbili walikaa, wakapatana. Ng'ombe tisa walirudi, wawili wanachechemea. Siku hizi vijana wa ng'ambo wanakuja kucheza mpira kwetu, na mmoja wao anaweza kuwa ndiye aliyevuta upinde. Simchukii. Sina haki hiyo.

Sasa nasoma kidato cha tatu Musoma, naishi kwa shangazi, mtaa wa Makoko. Darasani mimi ndiye mchekeshaji, hata mwalimu wa nidhamu anageuka ukutani acheke. Likizo narudi nyumbani. Mjane wa baba mdogo ananipokea begi pale mlangoni.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Hapa hakuna mwingine wa kunichekesha."

Namchekesha.