Mstari Uliokuwa Ukipanda

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi Kalista alifungua ghala la ushirika la Mwazye, akaning'iniza mizani kwenye boriti na kuwasubiri akina mama. Ghala lilikuwa tupu. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua mazao, malori ya Mbeya na Tunduma yalikuwa yakifika hadi mlangoni kwa mkulima, na ushirika ulibaki na kufuli, ubao wa matangazo na panya. Nafasi ya kupimia watoto ilikuwa tele.

Kalista alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, mgongo umenyooka, mdomo hauna breki. Kijiji kilimpeleka semina ya wiki moja Sumbawanga, akarudi na mizani, kaptura mbili za turubai za kumtundikia mtoto, na daftari lenye makundi matatu ya chakula: cha kujenga mwili, cha kutia nguvu, cha kulinda mwili. Daftari lile alilishika kama katekista na katekisimu yake. Mtoto akishapimwa, alitia nukta kwenye kadi na kuziunganisha nukta kwa rula. Mstari ukipanda kwenye kijani, mama alisifiwa. Ukishuka, ole wake.

"Luciana!" aliwahi kupaza sauti mbele ya wanawake thelathini. "Mwanao yuko kwenye nyekundu na wewe umesuka nywele! Huko kwako maharage yameota miguu?"

Wanawake walicheka. Luciana, binti wa miaka ishirini mwenye mtoto wake wa kwanza, aliinama akaenda kulia nyuma ya ghala. Hata hivyo mwezi uliofuata alirudi, na uliofuata tena, na mtoto akatoka kwenye nyekundu. Ushindi huo Kalista aliuhesabu kuwa wake.

Mwezi wa Mei bintiye, Coleta, alikuja kutoka Sumbawanga alikoolewa, ana mimba changa tumboni na mtoto wa miezi kumi na minne mgongoni. Mtoto jina lake Alois. Coleta alikuwa amemwachisha ziwa siku ileile alipojijua ni mjamzito, kwa kuwa majirani zake wa mjini walimwambia maziwa ya mwenye mimba huharibika. Kalista alijua si kweli. Ilikuwamo kwenye daftari. Lakini maziwa yalikuwa yamekwisha kukauka, na tuseme ukweli, moyoni alifurahi kupata mjukuu wa kulea.

"Niachie," alimwambia binti yake. "Mpimaji ni mimi. Nani atanizidi kumlea?" Coleta akamwachia, akarudi kwa mumewe.

Sasa, alichomlisha hakieleweki bila kukumbuka miaka ya foleni. Coleta alizaliwa na kukua wakati sukari inatafutwa kwa kibali na mche wa sabuni unakatwa vipande vinne kwa nyumba nne. Kalista alimlea kwa uji wa ulezi usio na sukari, maharage, dagaa wa Kasanga, na kumbikumbi wanaporuka. Mtoto alinenepa na kukimbia, ila mama alikuwa na donge rohoni: mwanangu nimemkuza kwa vya shambani na vya kuokota. Na sasa duka la Mwazye limefurika. Sembe nyeupe kama chaki, sukari bila kibali, biskuti, glukosi ya boksi. Kila alichokosa kumpa binti, alimpa mjukuu. Asubuhi uji wa sembe wenye sukari, mchana uji wa sembe wenye sukari, jioni chai na biskuti, na glukosi ya "kuongeza damu."

Na maharage? Aliuza yote mwezi wa Juni. Lori lilisimama mlangoni, bei ilikuwa nzuri, na nyumba nzima ilikuwa ni yeye na mtoto mdogo. Mayai nayo waliyachukua wenye malori kila yalipotagwa. Kule ghalani aliendelea kuwaambia wenzake, "Maharage, jamani, maharage!" Nyumbani alijiambia maharage yanamjaza mtoto tumbo, na yai litamchelewesha kusema. Kwa watoto wa watu hizo zilikuwa imani potofu. Kwa Alois zilikuwa tahadhari. Mganga hajigangi.

Halafu kuna mstari. Mwezi wa Juni Alois alikuwa na kilo nane na nukta moja. Julai, nane na nne. Agosti, nane na saba. Mstari ulipanda kwenye kijani kama ngazi, na Kalista aliipitisha kadi mkono kwa mkono. "Tazameni mtoto wa mpimaji," alisema. Mashavu yalikuwa ya mviringo, macho yamefinywa na mashavu, na mikono imejaa kama mikate.

Kwamba mtoto alikuwa hachezi, alisema ana utulivu wa ukoo. Nywele zilipokuwa nyepesi na kugeuka rangi ya kahawia, alisema kachukua kwa babu yake. Alipokataa chakula, alisema meno. Ngozi ya mapajani ilipoanza kubanduka, alimpaka mafuta. Kila kitu alikipatia jibu, kwa sababu jibu kubwa lilikuwa limeandikwa kwenye kadi kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatano ya kwanza ya Septemba mshale ulisimama kwenye kilo tisa na nukta moja. Kalista alikuwa anaiinua kadi ili watu waione, Luciana akasogea karibu.

"Shikamoo, Mama Coleta."

"Marahaba."

"Samahani, mama. Mbonyeze mguu."

"Nimbonyeze kwa kosa gani? Mstari huuoni?"

"Wangu ulimbonyeza," Luciana alisema, sauti ya chini. Hakuwa na kisasi usoni. Alikuwa na hofu, na hofu ile ndiyo iliyomfanya Kalista ainame.

Kidole gumba juu ya mguu, bonyeza, hesabu mpaka tatu, achia. Aliwafundisha hivyo wanawake wote waliokuwa pale. Alipoachia, shimo likabaki. Akabonyeza mguu wa pili. Shimo likabaki. Aliyatazama mashimo yale mawili, akangoja yajae kama mtu anayengoja aambiwe ni mzaha, nayo hayakujaa. Mtoto alikuwa na utapiamlo. Mtoto alikuwa amejaa maji, na miezi minne yeye alikuwa akiyapima maji na kuyaandika.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wawili watatu walianza kunong'ona kwamba mtoto kabemendwa, wazazi wake wamevunja mwiko wa kitandani kabla hajakaza mifupa, na wengine wakaitikia. Lingekuwa jambo jepesi kweli kuwaachia waamini hivyo. Kosa lingehamia Sumbawanga kwa Coleta na mumewe, na mpimaji angebaki mpimaji. Kalista hakukubali wala hakukanusha. Alimfunga mtoto mgongoni, akaacha mizani inaning'inia, akaenda zake.

Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa. Hakwenda. Angeingiaje pale, yeye, na mtoto aliyevimba? Alijiambia dawa ya ugonjwa huu ni chakula, na chakula anakijua kuliko yeyote. Atamtengeneza mwenyewe, kimyakimya, na Jumatano ya kupima ya Oktoba itakuta yamekwisha. Siku hiyohiyo alichinja kuku. Akachemsha mayai mawili. Akaenda kwa Mama Shija, mke wa Mayunga, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa bondeni, akaomba maziwa lita nzima.

Mama Shija alimfunua mtoto, akamtazama kwa muda. "Dada, mtoto huyu mpe kidogo kidogo. Hata ndama aliyefiwa na mama hajazwi mara moja. Ukimjaza anakufa."

"Mimi nimesomea lishe," alijibu Kalista. Ndivyo alivyojibu, na maneno hayo yalikuja kumchoma baadaye kuliko yote.

Alimbana mtoto kati ya magoti, akamlisha. Supu, yai, maziwa, nyama aliyomtafunia, maharage aliyoazima kwa jirani. Alois aligeuza uso, akabanwa pua, akameza. Kalista alikuwa analia huku analisha. "Kula, baba. Kula, bwana wangu. Kula unisamehe." Kesho yake akarudia. Jioni mtoto akatapika vyote, kisha akaanza kuharisha, na kulipopambazuka mikono yake ilikuwa baridi na kilio chake hakivuki mlango.

Hapo aibu ikamtoka. Alikimbia mpaka zahanati bila viatu. Mganga wa zahanati alimgusa mtoto mara moja tu. "Sumbawanga," alisema. "Leo hii."

Basi lilikuwa limeshapita. Lililokuwapo ni lori la mnunuzi, limepakiwa maharage ya Mwazye mpaka juu, na Kalista alipandishwa juu ya magunia akakaa, Alois kifuani ndani ya khanga mbili na blanketi. Vumbi la Septemba liliwafunika. Kila lori liliporuka shimo alimwekea mtoto sikio puani. Chini yake kulikuwa na maharage ya kulisha wilaya nzima, pengine hata yake yamo, na yeye alikuwa anasali Salamu Maria bila kufika mwisho, kwa sababu kila alipofika "saa ya kufa kwetu" alirudi mwanzo.

Kufika kijiji cha Msanzi, lori likasimama. Kulikuwa na magunia mengine ishirini ya kupakia.

"Mwanangu," Kalista alimwita dereva, "mtoto anakufa."

"Mama, nakuelewa. Lakini mzigo wa bosi nikiuacha, mimi kazi sina." Alikuwa kijana, wala hakuwa mbaya. "Dakika chache tu. Wapakiaji wawili leo hawakuja."

Kalista alishuka. Alimweka Alois mikononi mwa mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi kando ya barabara, mtu asiyemjua hata jina, akajifunga khanga kiunoni na kushika pembe ya gunia. Gunia la kwanza lilimshinda. La pili akaliinua na mpakiaji. Watu wa Msanzi walisimama wakimshangaa mama mzima anayebeba maharage huku anapiga kelele, "Upesi! Upesi!" kama aliyepandwa na wazimu. Wanaume wawili walioketi waliona haya, wakaja kusaidia. Alipomrudia mtoto, kiganja chake kilikuwa kimechunika na Alois alikuwa bado anapumua.

Hospitalini aliyewapokea alikuwa nesi mtu mzima aitwaye Redempta. Alimpima Alois, kilo tisa kasoro kidogo, akafungua kadi yake. Aliukodolea macho ule mstari ulionyooka, nukta zilizopigwa rula.

"Kwenu nani anapima watoto?"

Kalista angeweza kusema lolote. "Ni mimi," alisema. "Nilikuwa natazama kadi."

Nesi hakumkaripia. Huenda alikuwa na watoto wengi mno siku hiyo. Alimwonyesha kikombe cha maziwa yaliyotiwa maji, sukari na mafuta: vijiko vichache kila baada ya saa mbili, usizidishe hata akilia, na mtoto alale kifuani apate joto.

"Sukari imo?" Kalista aliuliza kwa woga.

"Imo. Sukari siyo sumu, mama. Sumu ni ikiwa peke yake."

Zikaanza siku za kijiko. Coleta alikuwa mji huohuo, na Kalista hakuthubutu kumpelekea habari. Na kila asubuhi walimpima Alois, na kila asubuhi alishuka. Nane na nukta tano. Nane. Saba na nukta sita. Nesi alisema ndiyo heri, maji yanatoka, akikojoa sana tushukuru. Kalista aliitikia kwa kichwa na hakuamini hata neno moja. Miaka minne alikuwa amefundisha kwamba mstari ukishuka mtoto anakwenda kaburini, na sasa mshale ulikuwa unateremka mbele ya macho yake. Alikuwa amekwisha kuchagua moyoni mahali pa kumzika, pembeni ya babu yake.

Siku ya tisa mizani ilisoma sita na nukta sita. "Maji yamekwisha," Redempta alisema kwa furaha, na hakika alikuwa na sababu, kwa kuwa asubuhi ile Alois alikuwa amekililia kikombe. "Sasa tumempata mtoto mwenyewe. Leo ndiyo anaanza kula."

Alimvua nguo, akamlaza kitandani mbele ya bibi yake.

Mashavu hayakuwapo. Mikono ile ya kama mikate ilikuwa vijiti viwili vilivyofungwa ngozi. Mbavu zote zilihesabika, na matako yalikuwa mikunjo mitupu. Kalista alitazama. Hakuna kilichotoka kwa mtoto siku zile tisa isipokuwa maji, kwa hiyo mwili huu ndio aliokuja nao kutoka Mwazye. Huu ndio aliouvalisha kaptura ya turubai, akautundika, akausifia mbele za watu.

Sauti iliyomtoka ilisikika wodi nzima. Akina mama waliijua sauti ya namna ile, wakaacha vitanda vyao, wakamzunguka, mmoja akamshika mabega. "Pole, mama," walisema. "Pole sana. Mungu ametoa, Mungu ametwaa."

"Hajafa," Kalista alisema. "Mtazameni. Ndivyo alivyokuwa siku zote."