Poda ya Mama Sijasomwa

Ilikuwa 1994. Hapana, ngoja, nisianze na uongo. 1994 ni ule mwaka wakimbizi wa Rwanda walilala hadi ndani ya vyumba vyetu vya masomo na kupikia madawati yetu. Sikuwalaumu, mutu akiwa na mutoto mwenye njaa, dawati ni kuni. Mambo ya yule mwanafunzi Athanasie ni ya 1996, mwezi wa kumi ukielekea kuisha. Nakumbuka kwa sababu madawati mapya yalikuwa yameshafika, bado yananuka rangi.

Nilikuwa sentineli, mulinzi wa mulango, wa institut moja pale Murara, mutaa wa muji wetu ulio mupakani na Rwanda. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka la nne primeri, basi. Lakini mulango wa shule ya wakubwa niliulinda miaka mingi, na mutu akisimama mulangoni muda wote huo, kuna kidogo kinachomuingia.

Wakati ule wanafunzi walikuwa wachache. Nilijua majina yao na nguo zao pia, maana wengi walikuwa na suruali moja mwilini na nyingine kwenye kamba. Kitabu kimoja cha masomo kilizunguka kwa watu watano, kila mutu akinakili kwa mukono. Profesa akipita, walisimama. Athanasie Kahindo alikuwa wa mwaka wa mwisho, binti wa watu wa Butembo, mwembamba, lakini sauti yake ilifika barabarani kabla yake.

Siku ya kusoma matokeo, babake alishuka kutoka Butembo juu ya lori la maharagwe, na jogoo ndani ya kapu. Mamake alinunua poda, kopo moja la bati lenye picha ya waridi. Kwetu mwanafunzi akisomwa kuwa amefaulu, watu wake wanamumwagia poda mpaka anatoka mweupe kama mutu wa kwenye mashine ya unga. Ila lazima asomwe kwanza, mbele ya watu. Usiposomwa, hata ukijua moyoni, wewe bado.

Saa tatu asubuhi orodha ilikuwa tayari. Niliiona mukononi mwa Profesa Buhendwa, ndiye aliyeandikia jury, wale wanaopitisha matokeo, kijana wa Bukavu wakati ule, na tai nyekundu.

"Papa Sikuli," akaniambia, "kimbia paroisse, pale kanisani, uazime mikro ya kupaza sauti. Hatuwezi kusoma bila mikro."

Nikaenda. Mwenye ufunguo alikuwa misani, nikangoja mpaka misa ikaisha. Narudi na spika begani, nikasikia silaha nzito upande wa mupaka. Kufika uwanjani, nikakuta viti vimeanguka, na jogoo anatembea peke yake.

Ile orodha hakuna aliyeiona tena. Ofisi iliporwa, na 2002 volkano ikaja ikafunika hata kuta zake.

Athanasie alirudi baada ya miezi. Wakubwa wakamuambia arudie mwaka. Akasema, "Kama nilifaulu, narudia nini? Na kama nilianguka, mutu aniambie basi, nilie, nimalize." Hakuna aliyejua. Akaweka meza mulangoni, karibu na kiti changu, akauza biki za kuandikia, mandazi, na poda. Ndiyo, poda. Akaolewa, akazaa, akanenepa. Volkano ilipokula mulango wa zamani, tulihama pamoja, kiti changu na meza yake. Lile kopo la mamake lilikaa nyumbani, halijafunguliwa.

Nimeona vizazi hapo. Wale wa vita vya kwanza walisoma na redio sikioni, wajue kama kesho kuna masomo. Wale wa baada ya volkano walikaa juu ya mawe meusi chini ya shitingi, yale maturubai ya misaada, na mwenye bahati alikuja na kiti cha plastiki kichwani. Hawa wa sasa ni wengi mpaka siwajui. Hawasimami profesa akipita, lakini wanamuuliza maswali ambayo wale wa zamani wasingethubutu. Matokeo yanawafikia kwenye simu kabla jury haijavaa makoti. Na bado wanakuja kusomwa! Hilo halijabadilika, nalo linanifurahisha. Na wote, kizazi kwa kizazi, walimutania Athanasie namna moja.

"Mama, jipake na wewe kidogo, si poda ni yako?"

"Mimi sijasomwa, mwanangu. Chukua yako, wenzako wanakungoja."

Wakamuita Mama Sijasomwa. Hakukasirika. Lakini mimi niliyekaa naye niliona: kila mwaka, majina yakianza kusomwa, aliacha kuuza. Mikono juu ya kitenge, kichwa kimeinama, anasikiliza mpaka jina la mwisho.

Mwaka wa 2023 ilikuwa zamu ya binti yake, Joviale. Wakimbizi wa vita vya sasa walikuwa wamejaa hadi nyuma ya mutaa wa Ndosho. Matokeo yalisomwa hivyo hivyo. Katika wageni alikuwemo Profesa Buhendwa, amestaafu, anakaa Himbi, anatembelea fimbo. Athanasie akafunika meza yake, akamuendea.

"Profesa, mimi ni Kahindo wa tisini na sita. Nilifaulu?"

Muzee akamuangalia sana. "Mama, niliandika majina kwa mukono huu. Kalamu naikumbuka. Majina yamekwenda. Nikikuambia ndiyo, ni uongo. Nikikuambia hapana, ni uongo vilevile."

"Aksanti," Athanasie akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kunijibu."

Joviale akasomwa: distinction, alama za juu! Vigelegele, honi za pikipiki, poda hewani. Akaja mbio kwa mamake na mikono myeupe. Mamake akaidaka.

"Hapana. Mimi sijasomwa."

"Mama! Miaka ishirini na saba!"

"Hata ikiwa hamsini."

Profesa alisikia. Akainuka, akaomba mikro, wakamuambia imeshafungwa ndani ya gari. Akaegemea fimbo, akavuta pumzi.

"Kahindo Athanasie! Mwaka wa tisini na sita!"

Akaishia hapo. Alama hakutaja. Uwanja wote ukageuka.

"Niko!" Athanasie akaitika, na sauti ilikuwa ileile ya kufika barabarani.

"Distinction!" kijana mumoja akapiga kelele.

"Acha uongo, mandazi yale ni satisfaction, alama ya kupita tu!" mwingine akajibu, na watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Akatoa ndani ya mufuko lile kopo la waridi, alilolibeba toka nyumbani asubuhi ile. Poda imekuwa jiwe. Nikaivunja kwa kufuli langu la mulango, Joviale akamupaka mamake kichwa, shingo, mpaka kope. Bado ilinukia. Diplome hakupata, wala hakuiulizia. Alivuka muji kwa miguu, mweupe, akisalimia hata asiowajua.

Nami nikamusindikiza Profesa kwenye pikipiki. Nilikuwa na neno moja, nimelibeba tangu siku ile ya spika begani. Nikamuuliza, akatazama fimbo yake, akapanda, wakaondoka. Neno lenyewe lilikuwa hili: "Profesa, leo umesoma kwa koo lako tu na uwanja mzima umesikia. Siku ile walikuwa watu ishirini na sita, na orodha ilikuwa tayari. Mikro ilikuwa ya nini?"