Sufuria Yenye Masizi

Chemchemi yetu ya Lumino, nilipokuwa mtoto, ilikuwa na mwenyewe. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu, alisema ni nyoka mkubwa mpole, asiyedai chochote ila usafi. Mtungi sawa, kibuyu sawa. Lakini ole wako uchovye chombo chenye masizi ya jikoni! Angebeba maji yake yote, avuke mto Sio wa mpakani na kuhamia Kenya, na watu wa forodha wasingethubutu kumwuliza kitu. Niliamini neno kwa neno, wala sioni haya kusema hivyo.

Mwaka mmoja, uhuru wetu ungali mbichi, mvua ilikawia mno. Akaja bwana wa maendeleo kutoka Tororo, akatukusanya.

"Wamama, maji nakwisha!" alipaza sauti. "Kila nyumba mitungi nne kwa siku, basi! Maji ya kuosha vyombo, mwagia ndizi. Ya kuoga, mwagia mboga. Nyumba yenye haipitishi mpaka wiki mbili, napata hii!"

Akainua ndoo mpya ya bati. Jamani, ilivyong'aa! Kijiji kizima kilishikwa na wazimu. Tulioga tukiwa tumesimama shinani mwa migomba, tukakinga hata maji ya kunawia mikono, na jioni watoto tulitambiana nani kwao wametumia kidogo zaidi. Jirani yetu Mama Nafula aliwekwa chemchemini kuhesabu mitungi, na hakuwa na mchezo. Sijapata tena kuwa na furaha kama ile kwa sababu ya maji.

Siku ya mwisho niliingia jikoni na mtungi wa nne nikiuimbia, nikaanza kuumimina kwenye chungu kikubwa cha akiba. Mkono ukateleza. Maji yote yakanywewa na sakafu ya udongo.

Nikisema, tungeteka mtungi wa tano na ndoo ingetuponyoka. Adhuhuri nikamwona Mama Nafula akienda kwake kula. Mitungi yetu yote, hata ule niliomwaga, ilikuwa imerudishwa mlangoni, miguuni pa Kukhu aliyekuwa akimenya karanga. Jikoni palibaki sufuria ya ugali, nyeusi tii. Nikapita nayo nyuma ya nyumba, nikashuka mbio, nikafumba macho, nikachota.

Kesho yake chemchemi ilikuwa tope tupu.

Watu walisimama kuizunguka, wengine wameshika vichwa. Maji mengine ya karibu yalikuwa mwendo wa nusu siku. Kukhu aliinama akalitazama lile tope.

"Kuna mtu ameleta masizi hapa," alisema.

Bwana wa maendeleo alitabasamu. "Mama mzee, hii ni kiangazi tu. Kuja chukua ndoo. Nyumba yako nashinda!"

Kukhu akanyoosha mkono. Nikaona hawezi kuipokea, si kwa uongo wangu.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Nilimwaga maji, nikaja na sufuria!"

Mama Nafula alitazama chini. Kukhu hakunipiga. Alimwachia yule bwana ndoo yake, akaniambia, "Nekesa, aliyeharibu hutengeneza. Kesho asubuhi, wewe na jembe."

Asubuhi nilishuka peke yangu nikilia. Nilikuwa nimechimba kidogo tu niliposikia sauti nyuma yangu. Mama Nafula, na jembe. Nyuma yake wanawake wengine, na majembe, na waume zao, na watoto! Wakaingia topeni bila kuniuliza kitu. Tuliondoa matope ya miaka, mizizi, mawe, hata kata ya mtu ya kuchotea maji iliyopotea zamani. Jua lilipokuwa la utosi, mtu alipiga yowe: maji! Yalibubujika kwenye vidole vya miguu yangu, baridi, na vigelegele vikasikika nadhani hadi ng'ambo. Bwana wa maendeleo alirusha kofia yake juu. Mpaka anaondoka aliamini ni hotuba yake iliyowatoa watu nyumbani.

Nami niliamini walikuja kunihurumia. Nilikuwa tayari mama wa watoto watatu Kukhu aliponisimulia, akicheka hadi akakohoa: jioni ile ya aibu yangu, wanawake sita walimjia mmoja mmoja kwa siri. Watano walikuwa wamekwenda chemchemini na sufuria za masizi, wakati Mama Nafula akila. Wa sita, aliyechota na ya kwake watu walipotawanyika, alikuwa Mama Nafula mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?" niliuliza kwa hasira. "Miaka yote nimejiona mimi ndiye niliyemfukuza nyoka!"

"Wao walikuja kwangu kwa siri, nami sikuwaumbua," alisema. "Lakini wasingekuja, mjukuu wangu, kama mtoto hangetangulia."

Yule nyoka sijamwona hata leo. Lakini chemchemi ile bado inatoka, na kila nishukapo kuteka hutazama kwanza chini ya chombo changu.